Kidole au kiganja: kutafuta chanzo cha maumivu ya mbio ndefu

Anayejiandaa kwa marathoni kwa ridhaa, huku ana kazi na familia, hurundika mzigo mkubwa wa wiki katika asubuhi moja: kilomita 24, 28, hata 32, Jumamosi au Jumapili. Mwili hulalamika siku hiyo, ingawa kosa mara nyingi lilifanyika Jumatano, au wiki tatu nyuma, au dukani wakati wa kununua viatu. Ndiyo maana dawa ya kuchua inayopakwa mahali panapouma husaidia kidogo sana.

Kabla ya kuipaka, jibu maswali matatu. Panapouma unaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, au unahitaji kiganja kizima? Palianza kuuma kilomita ya ngapi, na ukiendelea panapoa au panazidi? Na kesho yake, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, pakoje? Kiganja kwa kawaida ni msuli uliochoka. Kidole ni kano, kiungo au mfupa, na kidole kinachotua juu ya mfupa ni sababu ya kusimama leo.

Kuyumba, kuongea ovyo, kuanguka

Hili liwe la kwanza kwa kuwa halisubiri mtu amalize kusoma. Mkimbiaji anayechanganyikiwa njiani huenda ameishiwa sukari, lakini yapo matatizo mawili ya kuogopwa zaidi, yanayofanana kwa macho na kutibiwa kinyume: joto limemzidi, au amekunywa maji kupita kiasi.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, adui si jua peke yake bali unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikishiba unyevu, jasho hudondoka tu bila kupoza chochote. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikavurugika, hicho ni kiharusi cha joto. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mtumbukize kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi hadi kifuani, mtu mmoja akimshika kichwa. Pasipo na pipa, mmwagie maji mfululizo huku mkimpepea, na mumwekee barafu au vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimlazimishe kunywa. Wengi husubiri ngozi ikauke ndipo waamini. Mkimbiaji aliyezidiwa na joto anaweza kuwa analowa jasho hadi dakika ya mwisho.

Maji mengi ni kisa kingine. Sodiamu ya damu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, maji huingia kwenye seli, za ubongo zikiwemo. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana, na uzito uliopanda badala ya kushuka. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio, na asilimia 13 kati yao walikutwa na sodiamu ya chini. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa 4, yaani hasa watu wa ridhaa, wenye nafasi ya kusimama kila meza ya maji. Huyu usimwongezee maji. Akiwa na dalili ndogo, mpe supu yenye chumvi; akitapika au kuchanganyikiwa, ni hospitali, na wahudumu waambiwe wazi kwamba alikunywa sana, maana dripu ya haraka kabla ya kupima damu inaweza kumzidishia.

Kuna na kuanguka kwa aina ya tatu, kwa upole zaidi: umemaliza, umesimama ghafla, dunia inazunguka. Damu imetuama miguuni kwa kuwa misuli ya shavu la mguu imeacha kuisukuma juu. Lala chali, inua miguu, na siku nyingine tembea dakika 10 kabla ya kukaa. Lakini kuzimia ukiwa bado unakimbia, au kubanwa kifua, ni suala la moyo hadi daktari aseme vingine.

Unywe kiasi gani basi? Jipime. Kojoa, vua nguo, panda mizani. Kimbia saa 2 ukihesabu unachokunywa, rudi, jifute jasho, panda tena. Tuseme ulikuwa kilo 68, umerudi 66.4, na ulikunywa nusu lita na robo. Umepoteza kilo 1.6, ongeza lita 0.75 uliyokunywa: jasho ni lita 2.35, karibu lita 1.2 kwa saa. Huhitaji kulirudisha lote. Kupungua hadi asilimia 2 ya uzito, kwako kilo 1.36, hakuna shida. Kwa hiyo ulipungukiwa robo lita tu, glasi moja. Rudia kipimo hiki msimu ukibadilika, kwani jasho la Julai si la Februari.

Miguu inazimika kilomita ya 28

Hukuumia. Gari limeisha mafuta. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 65 hutumia kama 2,700 katika marathoni nzima. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni ya kilokalori 2,000 hivi. Kilichobaki hutoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo huchomwa polepole, na hapo ndipo pa kutazama: unavyokwenda kasi, ndivyo unavyokula sukari na kuacha mafuta.

Sababu kubwa basi ni kasi. Mbio ndefu za mazoezi ziwe polepole kuliko kasi unayoikusudia siku ya mashindano, kwa sekunde 45 hadi 90 kila kilomita. Ukishindwa kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima, umezidisha. Makundi ya jogging yana lawama hapa: yanatoka pamoja, wenye nguvu wanavuta, na anayeanza anamaliza hazina yake kilomita ya 12 kwa aibu ya kubaki nyuma.

Sababu ya pili ni kutokula njiani. Mbio zikipita dakika 90, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ukianza dakika ya 40, si njaa inapouma. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, tende moja ndogo gramu 5 au 6, soda ya kawaida ya mililita 300 karibu 30. Itoe gesi kwanza kwa kuitikisa na kuifungua mara kadhaa, la sivyo utaibeba tumboni kama mpira.

Tumbo kuchafuka

Ukikimbia, damu huhama utumboni kwenda kwenye misuli na ngozi, na utumbo wenye njaa ya damu hausagi maharage. Siku moja kabla punguza maharage, kabeji, maziwa mengi na vya kukaanga. Wali, viazi, ugali na samaki wa kuchemsha vinatosha. Mlo mzito hutaka saa 3, jambo lisilowezekana kwa anayetoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo ule ushibe jioni, na asubuhi iwe vipande viwili vya mkate na asali, au ndizi, saa moja kabla. Kijiko kizito cha asali au pakiti ya jeli hufuatwa na maji matupu, si kinywaji kitamu: sukari juu ya sukari huvuta maji kuingia utumboni na matokeo unayajua. Damu kwenye choo ni ya kumwona daktari.

Kichomi cha ubavuni hutulia ukipunguza mwendo, ukibonyeza mahali pale na kutoa pumzi yote nje kwa nguvu mara kadhaa.

Misuli kubanwa

Shavu la mguu au paja hukaza kama jiwe baada ya kilomita 25, na wa kwanza kulaumiwa ni chumvi. Chumvi ina nafasi yake, hasa kwa ambao fulana yao hukauka na ramani nyeupe, na hao wanaweza kunywa maji ya ORS, pakiti ikichanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Lakini chanzo cha kawaida zaidi ni msuli uliochoka kupita ulichouzoesha. Ushahidi uko barabarani: anayebanwa hubanwa msuli unaofanya kazi, si mkono wala shingo, ilhali chumvi hupungua mwili mzima. Simama, vuta vidole vya mguu kuelekea ugokoni, shikilia sekunde 30, tembea, anza taratibu. Ukibanwa mguu uleule kila wiki, tafuta udhaifu wa mguu huo, usiongeze chumvi.

Ngozi na kucha

Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na chuchuni kabla ya kutoka. Plasta juu ya chuchu kwa wanaume wa mbio za zaidi ya saa 2. Fulana ya pamba ikilowa hugeuka msasa. Lengelenge linalouma litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatoke, ngozi ibaki juu. Mwenye kisukari asijitoboe. Kucha nyeusi maana yake kidole kinagonga mbele: acha nafasi ya upana wa kidole gumba, jaribu viatu jioni miguu ikiwa imevimba, na tumia tundu la mwisho la kamba kukishika kisigino kisiteleze kwenye mteremko.

Ugoko

Hapa ndipo swali la kidole linapolipa. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka juu kidogo ya kifundo kwenda juu. Panapouma pakiwa parefu, sentimita 5 au zaidi, na maumivu yakilegea mwili ukipata joto, mfupa na utando wake vimezidiwa na mzigo ila havijapasuka. Punguza kilomita kwa nusu kwa wiki 2, hamia njia ya vumbi, na fupisha hatua: hesabu hatua zako kwa dakika, na zikiwa 160, lenga 168 kwa mwendo uleule.

Pakiwa ni pa ncha ya kidole, pakiuma zaidi kila kilomita, pakikuamsha usiku, na ukiruka mara chache kwa mguu huo pakikuchoma, fikiria ufa. Acha kukimbia leo. Eksirei ya mapema huwadanganya wengi: ufa wa aina hii unaweza usionekane kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo, basi picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Kipimo cha MRI huuonyesha mapema. Ugoko kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Maumivu ya ndani kabisa kwenye kinena, yanayozidi ukikanyaga, ni hatari kuliko haya, kwani shingo ya mfupa wa paja ikipasuka huweza kuachana na kuhitaji upasuaji. Tumia magongo, nenda siku hiyohiyo.

Chanzo kwa kawaida ni kuongeza haraka. Mtu anaruka kutoka kilomita 16 hadi 24 kwa kuwa alijisikia vizuri. Moyo na mapafu vilishazoea, mifupa bado. Ongeza mbio ndefu kwa kilomita 2 au 3 tu, kila wiki ya nne shuka kwa theluthi, na usipite saa 3 na nusu hata kama ratiba inadai kilomita 32.

Chanzo kingine ni kiatu. Sponji ya kiatu cha mbio huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na raba ya mtumba inaweza kuwa imemaliza nyingi kati ya hizo ughaibuni kabla ya kufika masoko ya Karume au Gikomba. Soli ya chini yenye meno mapya haitoshi. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, kiache. Tazama sponji ya pembeni: mikunjo ya kulala iliyobanana ni dalili ya kuchoka. Bonyeza kwa gumba kutokea ndani chini ya kisigino. Ikibonyea bila kurudi, au ikiwa ngumu kama ubao, hicho ni kiatu cha kuendea sokoni.

Goti

Maumivu ya kuzunguka pia ya goti, yanayozidi ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye daladala, hutoka kwenye pia inayobanwa dhidi ya mfupa wa paja. Maumivu ya upande wa nje, yanayojitokeza kilomita ileile kila safari na kutoweka ukisimama, ni ya mkanda mgumu unaoshuka kutoka nyonga hadi chini ya goti. Yote mawili chimbuko lake mara nyingi liko juu, kwenye misuli dhaifu ya nyonga na makalio, hivyo kulifunga goti bandeji ni kumpiga asiye na kosa.

Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka na kisigino kikiwa nyuma kidogo ya mwili, mara 15, seti 3. Kisha kaa na kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, mara 10, seti 3, goti lisiingie ndani. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8. Huku ukifanya hivyo, punguza miteremko. Na angalia barabara yenyewe: lami huinuka katikati na kushuka pembeni ili mvua itiririke, kwa hiyo anayekimbia ukingoni akiyakabili magari hukanyaga chini zaidi kwa mguu wa kulia kwa kilomita zote 28. Usihamie upande wa kuyapa magari mgongo. Tafuta njia tambarare au uwanja.

Kisigino asubuhi

Nyuma ya kisigino ni kano; chini yake ni utando wa wayo. Vyote huuma hatua za kwanza kisha hulegea, na kulegea huko ndiko kunakowaponza watu.

Kano hupona kwa kubebeshwa mzigo, si kwa kulazwa. Simama kwenye ngazi kwa vidole, jiinue kwa miguu miwili, shuka polepole kwa mguu unaouma hadi kisigino kiwe chini ya ngazi: mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Panapouma pakiwa pale pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, usishushe kisigino zaidi. Kataa sindano ya steroidi ndani ya kano. Na kumbuka siprofloksasini, inayoandikwa sana kwa kuhara na ugonjwa wa njia ya mkojo: dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kano kukatika, basi mwambie anayekuandikia kwamba unakimbia.

Kwa utando wa wayo, kabla hujashusha miguu kitandani, vuta vidole juu kwa sekunde 10, mara 10. Rudia mara mbili zaidi mchana. Viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo dakika 10 jioni. Kandambili bapa na kutembea peku juu ya sakafu ya saruji vikae pembeni kwa muda.

Mapaja siku ya pili, na mkojo

Mapaja yanayouma kwa kiganja kizima, kilele kikiwa kati ya saa 24 na 72, ni michaniko midogo ya kawaida. Mteremko ndio mkosaji mkuu, kwa sababu msuli hurefuka huku ukizuia uzito. Walioikimbia marathoni ya Moshi wanaijua: kupanda kuelekea Mweka hukata pumzi, kushuka hukata mapaja. Dawa ni kuzoea mteremko mfupi kila baada ya wiki 2, kuanzia miezi miwili kabla. Sehemu moja iliyovimba na kuvilia damu ni msuli uliochanika, jambo tofauti.

Mkojo wa manjano iliyokolea unataka maji. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, pamoja na misuli iliyovimba, unataka hospitali usiku huohuo: misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Anayebeba jeni moja ya selimundu ana hatari zaidi ya hili, na wapo wengi Kanda ya Ziwa na Pwani wasiojijua. Kipimo ni cha mara moja maishani. Na tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ndefu iachwe. Dawa hizo hubana damu inayokwenda kwenye figo wakati tayari maji ni machache, na huchangia sodiamu kushuka.

Uchovu usioisha Jumatano

Pima mapigo ya moyo kabla ya kuinuka kitandani kwa wiki nzima ukiwa mzima, upate wastani wako. Yakipanda kwa 7 hadi 10 siku mbili mfululizo, usingizi ukiwa wa mang'amung'amu na hamu ya chakula imepotea, mzigo umezidi: chukua siku 3 za kupumzika. Ila usifanye haraka kuyalaumu mazoezi. Homa, baridi na viungo kuuma baada ya mbio ndefu vinaweza kuwa malaria, na kipimo cha haraka hujibu ndani ya dakika 20.

Uchovu wa wiki kadhaa na pumzi kukata kwenye kilima ulichokizoea huelekeza kwenye upungufu wa damu, hasa kwa wanawake. Pima wekundu wa damu, na akiba ya madini ya chuma inapowezekana, kabla ya kumeza vidonge. Kwenye sahani ni maini, nyama, dagaa, na mchicha uliokamuliwa limao. Chai isubiri saa moja baada ya mlo maana hukamata madini ya chuma yasifyonzwe. Mwanamke aliyekosa hedhi miezi 3 bila ujauzito huenda anakula kidogo kuliko anachokitumia, pengine bila kujua, na mifupa yake iko njiani kupasuka. Aongeze chakula, apunguze kilomita, amwone daktari.

Kurudi barabarani

Ukiweza kutembea dakika 45 bila maumivu siku hiyo wala kesho yake, anza: dakika 1 kukimbia na 2 kutembea, mara 8, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kila siku mbili za kukimbia zikipita salama, badilisha uwiano, 2 kwa 1, kisha 5 kwa 1, hadi dakika 30 mfululizo. Maumivu ya kiganja yanayoisha ndani ya saa 24 yanavumilika. Ya kidole, rudi hatua moja nyuma. Yakirudi tena mahali palepale, rudi kwa daktari. Mbio ndefu za kwanza ziwe nusu ya zile ulizoishia, na kama zimebaki wiki chini ya 5 kabla ya mashindano, badilisha namba uende nusu marathoni, waandaaji wakiruhusu.